Maiti Msituni, Haki Mjini: Mahali na Tabaka katika Tamthilia ya Crime and Justice

Hadithi ya upelelezi huanza na maiti. Kanuni hii ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili kama ilivyo katika fasihi nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Ali amekwisha kufa kabla msomaji hajamjua, na Bwana Msa huanza kazi yake kutokana na kimya cha marehemu. Lakini Bwana Ali alikuwa mwenye mali. Aliyeuawa ni tajiri, na wanaotiliwa shaka ni wale wanaoishi kandokando ya utajiri wake. Makala haya yanakusudia kuchunguza kinachotokea katika fani hii pale mizani inapopinduka: pale maiti anapokuwa msichana asiye na kitu, na kivuli cha shaka kinapomwangukia mwenye dola.

Mfano wetu ni Crime and Justice, tamthilia ya televisheni ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa na Showmax mwezi Februari 2021 kwa ushirikiano na Canal+. Wahusika wake wakuu ni wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena, anayeigizwa na Sarah Hassan, na Silas, anayeigizwa na Alfred Munyua. Kila kipindi kina kesi yake, na kesi hizo zimechotwa katika mikasa iliyowahi kujaza kurasa za magazeti. Kisa cha kwanza ni cha kuuawa kwa msichana wa chuo kikuu. Mtazamaji wa Kenya hakuhitaji kuambiwa zaidi. Fikira zake zilikwenda moja kwa moja Rongo.

Hatuna budi kuukumbusha mkasa wenyewe, kwa sababu hoja yetu yote imejengwa juu ya umbali uliopo kati yake na tamthilia. Jioni ya tarehe 3 Septemba 2018, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Rongo, mwenye umri wa miaka 26 na mimba ya miezi 7, alitekwa katika mji wa Rongo, Kaunti ya Migori, pamoja na mwandishi mmoja wa habari. Mwandishi aliruka kutoka katika gari lililokuwa likienda, akaokoka. Siku iliyofuata maiti ya msichana ilipatikana katika msitu wa Kodera, karibu na Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Gavana wa Migori wa wakati huo, Okoth Obado, alishtakiwa kwa mauaji pamoja na watu wawili waliofanya kazi chini yake. Wote walikana mashtaka. Tamthilia ilipotoka, miaka miwili na nusu baadaye, Mahakama Kuu ilikuwa haijatoa uamuzi.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza unapojitokeza. Mahakama ilikuwa bado inatafuta ukweli, na tamthilia ilikuwa na muda wa kipindi kimoja tu. Mtunzi hawezi kumwacha mtazamaji wake bila jibu kwa miaka saba. Fani aliyoichagua haimruhusu. Wapelelezi sharti wafike, wahoji, wakamate, na kesi ifike mbele ya jaji. Mtazamaji anazima televisheni akiwa ameridhika. Sisi hatumlaumu mtunzi kwa kutumia mkasa wa kweli, kwani fasihi yote hula katika sufuria hiyo. Tunalotilia shaka ni ile ridhaa. Kwa familia iliyomzika binti yake Homa Bay mwezi Oktoba 2018, haki ilikuwa safari ya kwenda Milimani na kurudi, tarehe ikisogezwa mbele na mbele tena. Kuahirishwa huko kwenyewe ni sehemu ya maudhui ya haki nchini Kenya, na ndiko ambako fani ya kesi-kwa-kipindi haiwezi kukubeba hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni tatizo la televisheni popote ilipo. Si kweli. Tuitazame kwa ufupi tamthilia ya Kimarekani iitwayo American Crime, iliyobuniwa na John Ridley na kuonyeshwa na ABC kati ya mwaka 2015 na 2017. Hiyo ni diwani ya visa: kila msimu una kisa kipya, mahali papya na watu wapya, lakini waigizaji wengi ni walewale. Regina King katika msimu wa kwanza ni dada Mwislamu wa kijana Mweusi anayeshtakiwa. Katika wa pili ni mama tajiri anayemlinda mwanawe. Katika wa tatu ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Felicity Huffman naye alikuwa mama wa aliyeuawa, kisha mkuu wa shule anayelinda jina la shule. Mtazamaji huona uso uleule ukihama kutoka upande mmoja wa haki kwenda upande mwingine, akajifunza bila kuhubiriwa kwamba rangi na tabaka ni mahali pa kusimama. Aidha, kamera ya Ridley hupenda kumtazama anayesikiliza badala ya anayesema. Mwanasheria huzungumza nje ya picha. Sisi tunauona uso wa mama. Na kesi moja huchukua msimu mzima.

Katika Crime and Justice kinyume chake ndicho kilichopo. Wanaobaki kutoka kisa hadi kisa ni polisi. Wahanga hubadilika, wauaji hubadilika, na walinda sheria hudumu. Uteuzi huo wa fani una itikadi ndani yake, hata kama waandishi hawakuikusudia. Humfanya mtazamaji aione jamii kwa dirisha la gari la polisi, na katika nchi ambayo wananchi wengi wana sababu zao za kuliogopa gari hilo, si jambo dogo. Tukiri kwamba Makena na Silas wameigizwa vyema, hasa Munyua, ambaye uzito wa mwendo wake hufanya kazi ambayo mazungumzo hayakuifanya. Lakini uigizaji mzuri unaweza kuimarisha kosa la muundo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuhama kwa mahali. Tamthilia hii ni ya Nairobi: barabara zake, ofisi zake, Kiingereza chake na Kiswahili chake cha mjini. Mkasa wa Rongo ukihamishiwa huko hupoteza mifupa yake. Rongo ni mji mdogo katika barabara ya Kisii kwenda Migori, wenye mashamba ya miwa kandokando. Kiwanda cha sukari cha Sony kipo mwendo mfupi tu, Awendo. Chuo chake kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Serikali za kaunti zilikuwa zimeanza mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Katika kipindi kifupi, basi, mahali pamoja palipokea vitu viwili: wanafunzi wengi wasio na fedha, na ofisi iliyokuwa na zabuni, ajira, basari na magari. Huko Nairobi tajiri ni mmoja kati ya maelfu, na msichana anaweza kumkwepa. Katika kaunti ya mashambani mlango wa fedha za umma ni mmoja, na kila mtu anaujua. Uhusiano wa kitabaka uliozaliwa na ugatuzi hauwezi kuigizwa Nairobi, kama vile mvuvi wa Mbita hawezi kuigizwa jangwani.

Kwa sababu hiyo neno «sponsa», lililotawala vinywa vya watu mwaka 2018, lilificha mengi kuliko lililofichua. Lilimfanya msichana kuwa mshirika katika biashara, na watazamaji kuwa mahakimu wa tabia yake. Mjadala wa mtandaoni siku zile ulimhukumu marehemu kabla ya washukiwa. Tamthilia inayoanza na maiti yake na kisha kuuchimba uhusiano wake, simu zake na siri zake, huingia katika hatari ya kuirudia hukumu hiyo kwa nia njema. Upelelezi wa maisha ya aliyekufa ni ada ya fani. Upelelezi wa ofisi iliyomzunguka haumo katika ada hiyo.

Ipo hati moja ya kesi yenyewe ambayo mtunzi mwenye jicho angeitambua kuwa tamthilia tayari. Gavana alipopewa dhamana mwezi Oktoba 2018, mbali na fedha, shilingi milioni 5 na wadhamini wawili, alipewa sharti la kutokaribia mpaka wa Kaunti ya Homa Bay kwa umbali wa kilomita 20. Msomaji atazame ramani. Migori na Homa Bay zinapakana, na Rongo iko ukingoni kabisa. Kiongozi wa kaunti anakatazwa kukanyaga kipande cha kaunti yake mwenyewe. Mpaka ambao jamii ya Waluo wa pande zote mbili huuvuka kila siku kwenda sokoni, mazikoni na ukweni, unageuka kuwa mstari wa sheria. Mtekwa alivushwa mpaka huo akiwa mzima. Mshtakiwa anakatazwa kuukaribia. Hakuna mwandishi wa Nairobi anayeweza kubuni ishara nzito kuliko hiyo, na haikuhitaji kubuniwa.

Hapa tunapenda kuingiza ushahidi wa aina nyingine. Homa Bay ina hadithi zake za uhalifu na haki, zilizotangulia televisheni kwa vizazi. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la volkeno liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi yanatofautiana, lakini kiini ni kimoja: bibi kizee mchafu na mwenye njaa alifika kijijini usiku wa sherehe, akafukuzwa na kila mtu isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Bibi akamwonya mwanamke huyo aondoke. Maji yakaja, kijiji kikazama. Ufukweni mwa Gwassi husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyemvua kizee kutoka ziwani, akatajirika kwa baraka zake, kisha alipolewa akamtukana. Kizee akarudi majini, na ng'ombe wote wakamfuata.

Tukizilinganisha sigana hizi na tamthilia ya upelelezi, tofauti ni kubwa na ina faida kwa mhakiki. Katika Simbi Nyaima hakuna anayeuliza nani alifanya. Wote walikuwepo karamuni. Kosa ni la jumuiya iliyokula na kunywa huku ikimwona mnyonge mlangoni, na adhabu huiangukia jumuiya, isipokuwa yule mmoja aliyefungua mlango. Mandhari yenyewe ni kumbukumbu ya kesi: ziwa bado lipo, la rangi ya kijani, na kila apitaye huambiwa kisa chake. Nyamgondho naye anatuonyesha tajiri ambaye mali yake ilitoka kwa mtu dhaifu aliyekuja kumdharau. Hatusemi kwamba sheria ya kisasa iige sigana; adhabu ya kuzamisha kijiji kizima, watoto wakiwemo, inatisha, na mwanafunzi wetu yeyote ana haki ya kuihoji. Tunasema kwamba fasihi simulizi ya mahali palepale ilipopatikana maiti ilikwisha kuuliza swali pana kuliko la wapelelezi wa Showmax.

Itaulizwa: na suala la rangi, ambalo Ridley analiweka mbele, lina nafasi gani kwetu? Rangi si ngeni mahakamani Kenya. Mwaka 2009 mrithi wa ukoo wa Delamere alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 8, na nchi nzima ikapiga hesabu ya miezi hiyo. Hata hivyo, katika tamthilia zetu nafasi ya rangi huchukuliwa mara nyingi na lafudhi. Vioja Mahakamani, kipindi kilichodumu kwa miongo mingi katika sauti na televisheni ya taifa, kilijengwa juu ya mshtakiwa anayekizungumza Kiswahili kwa matamshi ya kwao. Ondiek Nyuka Kwota alichekesha kwa sababu kila Mkenya alitambua ametoka wapi kabla hajamaliza sentensi. Kicheko hicho kilikuwa na ukatili wake. Lakini Vioja ilikuwa na jambo moja ambalo tamthilia mpya imelipoteza: mtu wa mashambani alisimama kizimbani na kujieleza kwa lugha aliyoiweza, na hakimu alilazimika kumsikiliza.

Sheria ya Kenya inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza; mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Mauaji husikilizwa katika Mahakama Kuu. Mzazi kutoka kijiji cha Homa Bay ambaye lugha yake ni Kijaluo atasimama mbele ya mkalimani, atasema maneno yake, na maneno hayo yataingia katika kumbukumbu ya mahakama yakiwa ya mtu mwingine. Hebu tufikirie tukio hilo likiigizwa kwa kamera ya Ridley: wakili anauliza kwa Kiingereza nje ya picha, mkalimani anageuza, na sisi tunautazama uso wa mama katika zile sekunde ambazo swali bado halijamfikia.