Kosa Lililoandaliwa Jana Yake

Ubaoni palikuwa na swali moja tu: 1/2 + 1/3. Mada haikuandikwa, kanuni haikutajwa, wala hapakuwa na mfano uliokwisha kufanywa. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la tano wakokotoe kila mtu peke yake, na asifute mtu alichoandika. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma. Kipindi hicho cha dakika 40 ndicho kipindi bora cha hisabati nilichopata kukitazama, na ningependa kukichambua, maana masomo mazuri tunayasifu juu juu: mwalimu mchangamfu, watoto wameshiriki, zana zipo.

Andalio lake la somo lilikuwa na hatua zilezile za siku zote: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Kilichonishangaza ni safu ya shughuli za wanafunzi. Wengi wetu hujaza pale “wanafunzi kusikiliza na kujibu maswali”, tukapata sahihi ya mwalimu mkuu, tukaendelea. Yeye alikuwa ameandika majibu yenyewe: wengi wataandika 2/5, wachache watachora, wawili watatu watatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika). Mbele ya kila jibu aliweka swali atakalomuuliza mwenye jibu hilo.

Hiyo 2/5 haitokani na uzembe. Mtoto amejumlisha namba nzima tangu darasa la kwanza. Akiona 1 na 1 juu, 2 na 3 chini, anafanya kile ambacho siku zote kimempa vema. Ukimwandikia kosa na kumpa kanuni ya KDS, umemwongezea kanuni ya pili huku ile ya kwanza bado imekaa. Mtihani ukifika, ya kwanza inarudi.

Sasa tazama namba alizochagua, kwa sababu hapo ndipo ufundi wake ulipo. Ukijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, sehemu zako zikiwa hazilingani, jibu la kosa huangukia kati ya zile sehemu mbili kila mara. Chukua 2/3 + 3/4: jibu la kosa ni 5/7. Hiyo ni ndogo kuliko 3/4 uliyokuwa nayo tayari, lakini mtoto gani ataliona hilo kwa macho? Kwa 1/2 + 1/3 analiona. Anajua nusu. Anaweza kujua kuwa 2/5 haifiki nusu. Na angechagua 1/2 + 1/4, wengi wangetamka robo tatu kwa mazoea ya dukani, na kosa lingebaki limejificha.

Alipita kati ya madawati na kikaratasi mkononi, akiandika nani kafanya nini, bila kusahihisha mtu. Kisha akamwita ubaoni, kwanza kabisa, msichana mwenye 2/5. Aliyetumia KDS aliachwa asubiri. Angeanza huyo, wenzake wangenakili na mjadala ungekufa.

Kwenye meza palikuwa na ukanda wa manila wenye vyumba sita. Msichana alipaka rangi vyumba vitatu, ndiyo nusu. Akapaka viwili, ndiyo theluthi. Akasimama, chaki ikiwa bado mkononi, akitazama vyumba vitano vya rangi, kisha 2/5 yake.

“Mwalimu, kule imepungua.”

“Imepungua vipi, mwanangu?”

Mwalimu akanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo hadi saba. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika tatu majibu ya wanafunzi hurefuka. “Tulikuwa na nusu,” akasema msichana, “tukaongeza, tukapata chini ya nusu.” Mwalimu akaandika 1/2 + 1/2 pembeni na kuwaomba watumie njia ileile. Ikatoka 2/4. Nusu mkate na nusu mkate, nusu mkate! Darasa zima lililipuka.

Maandalizi ya namna hii si mageni kwingine. Nchini Japani walimu hukaa pamoja kulipanga somo moja, mwenzao akalifundisha, wao wakitazama wanafunzi. Kukisia majibu ya watoto ni sehemu ya kawaida ya andalio lao. Mwalimu huyu alifanya hayo peke yake, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na ninaamini shule yoyote yenye walimu wawili wa hisabati inaweza kumpunguzia upweke huo.

Kasoro ilikuwapo. Mjadala ulikula muda, na mwenye KDS alipopewa nafasi alitaja 6 bila kueleza kwa nini vyumba vilikuwa sita. Swali hilo ndilo lililobeba somo zima, likapita kwa dakika moja. Ningepunguza mazoezi ya mwisho yakawa mawili ili swali hilo lipate nafasi.

Ubao haukufutwa. 2/5 ilibaki palepale, na wanafunzi waliinakili pamoja na sababu ya kuikataa. Swali la kufungia kipindi lilikuwa 1/4 + 1/5, kwenye vipande vya karatasi. Kengele ilipolia alivipanga mafungu mawili juu ya meza. Fungu la 2/9 lilikuwa na vipande kumi na kimoja. Katika nafasi ya maoni, chini ya andalio, akaandika: kesho nianze na hawa, ukanda wa vyumba ishirini, wapake wenyewe.