Kizingiti cha Dakika Kumi

Foleni inayojulikana na kila mtu hospitalini ni ile ya kwenye benchi, mbele ya dirisha la malipo. Nyuma yake kuna nyingine isiyo na benchi. Karani akishabonyeza kitufe, bili ya mgonjwa hukaa kwenye seva ikingoja kwenda GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza kazi mwaka 2017. Mfumo huo hautoi jibu zima papo hapo. Kwanza unakiri tu kwamba bili imepokelewa. Kumbukumbu namba ya malipo inakuja baadaye, kwa safari yake yenyewe. Kati ya safari hizo mbili mgonjwa hana la kufanya ila kukaa, na karani hana la kumwambia ila "subiri kidogo mama".

Nimemtazama Afisa TEHAMA wa hospitali moja ya nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kakonko, akiiwekea foleni hiyo ya pili ulinzi. Ni kazi isiyopigwa picha. Hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuikatia utepe, na ikifanywa vizuri hakuna hata mmoja atakayejua kwamba imefanywa. Kwangu ni moja ya kazi za mikono zilizo safi kabisa za zama hizi, na ningependa kueleza kwa nini, bila haraka, kama yeye mwenyewe asivyo na haraka.

Programu anayotumia ni Zabbix. Alexei Vladishev, raia wa Latvia, aliitoa kwa umma mwaka 2001, na mpaka leo ni ya bure. Mtu mwenye ujuzi wa wastani anaweza kuiweka kwenye seva asubuhi moja, na inakuja na vizingiti vyake tayari: diski ikijaa kiasi fulani itoe taarifa, prosesa ikielemewa itoe taarifa, memori ikipungua itoe taarifa. Wengi huishia hapo. Siku mbili tatu simu inalia mfululizo, kisha mwenye simu anaizima sauti, na tangu hapo seva inalindwa na kitu kisichosikilizwa na mtu.

Yeye alivifuta karibu vyote. Aliiacha programu ipime tu, wiki nzima na nyingine tena, bila kuiruhusu ipige kelele, mpaka akaijua wiki ya hospitali yake jinsi ilivyo. Jumatatu ina sura yake. Siku ya gulio ina yake, maana watu wa vijiji vya mbali huunganisha safari ya soko na ya daktari. Siku ya kliniki ya mama na mtoto ina yake. Mwisho wa mwezi, madai ya bima yanapoandaliwa, prosesa hupanda hadi asilimia 90 mchana kutwa na hakuna ubaya wowote: hiyo ni kazi, si ugonjwa. Asilimia 90 hiyohiyo saa sita usiku wa Jumapili ni jambo la kumwamsha mtu. Nambari ni ileile, na kinachoipa maana ni siku na saa iliyotokea.

Akaja kwenye swali la kupima kila baada ya muda gani. Hapa watu wenye pupa huweka kila sekunde, wakidhani kuona zaidi ni kujua zaidi. Lakini kupima nako ni kazi, na kunakula nguvu zilezile za seva unayoipima. Wafuga nyuki wa Kakonko na Kibondo wanalijua hili tangu zamani: mzinga unaofunguliwa kila mara huishia kuhamwa. Yeye aliweka dakika moja kwa foleni ya bili, dakika tano kwa memori na prosesa, saa nzima kwa diski, kwa sababu kwa kawaida diski haijai kwa dakika. Kila kitu kinapimwa kwa mwendo wake, basi.

Sasa nirudi kwenye foleni, maana ndipo ufundi wake ulipoonekana kwa kimo chake chote.

Maelekezo ya kawaida husema: hesabu bili zinazongoja, zikizidi idadi fulani, toa taarifa. Inasikika kuwa na akili. John Little, baadaye profesa wa MIT, alithibitisha mwaka 1961 kanuni fupi inayotawala foleni zote duniani, za watu, za magari, za bili: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Mchana, tuseme bili 30 zinaingia kwa saa na kila moja inakaa dakika nne. Kwa kawaida basi utakuta bili mbili kwenye foleni. Ukiweka kizingiti cha bili 20, una nafasi ya kutosha, na mstari ukikatika saa nne asubuhi, foleni itafika 20 chini ya saa moja na simu italia.

Lakini chukua kanuni hiyohiyo uipeleke usiku. Mtandao unakatika saa sita. Mpaka alfajiri zimeingia bili tatu tu, maana usiku wagonjwa ni wachache. Tatu! Kwa macho ya kizingiti cha 20, foleni ina afya njema, karibu sawa na mchana. Na bili ya kwanza kati ya hizo tatu imekaa saa tano.

Alipoliona hilo aliacha kuhesabu urefu. Akauliza swali jingine: iliyokaa muda mrefu kuliko zote imekaa kiasi gani? Kwa seva ni swali rahisi, mstari mmoja tu unaoitazama bili kongwe zaidi iliyo bado kwenye foleni na kutoa saa yake ya kuingia kwenye saa ya sasa. Swali hilo halijali kama ni mchana au usiku, gulio au siku kavu. Bili moja ikikwama peke yake katikati ya nyingine mia zinazopita, urefu wa foleni hautaisema kamwe, umri utaisema. Nadhani huu ndio uamuzi bora alioufanya katika kazi nzima, na ubora wake ni kwamba unamhesabu mgonjwa mmoja kuwa ni mgonjwa.

Ikabaki kujua umri gani ni mkubwa mno. Jambo hili halimo kwenye kitabu chochote cha kompyuta, na hakulitafuta huko. Alikwenda kukaa dirishani, ndani, pembeni ya karani wa malipo, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za stakabadhi za kuandika kwa mkono.

"Mama, mtu akingoja namba muda gani ndipo anaanza kuinuka?"

"Robo saa, mwanangu. Wa hapa mjini atanung'unika tu. Wa kijijini anaanza kuwaza gari. Likimwacha, analala wapi?"

Kwa hiyo kizingiti ni dakika kumi: tano zimebaki za kufanya kitu kabla mtu hajaanza kuliwaza gari. Nimeona vizingiti vingi, 50, 80, 90, vilivyowekwa kwa sababu tu vinapendeza. Hiki cha kumi kina mtu ndani yake.

Kumi peke yake nayo haitoshi, na hapa kuna urithi unaostahili kutajwa. IBM ilizindua AS/400 mwezi Juni 1988, kompyuta ya biashara iliyoishi miaka mingi kwenye mabenki na viwanda, na ndani yake kila kazi ilikuwa na jina, foleni na mahali pa kutupia ujumbe wake kwa msimamizi. Zana zake za usimamizi zilizokuja baadaye zilikipa kila kizingiti mambo matatu: thamani ya kuanza kulia, muda ambao hali idumu kabla ya kulia, na thamani ya kunyamaza, ambayo si sawa na ile ya kuanza. Wanaodharau mashine za zamani wangefaidika kukaa nazo kidogo. Afisa wetu hajawahi kuigusa AS/400, lakini kanuni anaifuata neno kwa neno. Memori huru ya seva ikishuka chini ya asilimia 10 kwa vipimo vitano mfululizo, lia. Na ukishalia, usiseme "pamepona" mpaka ipande juu ya asilimia 20. Pasingekuwa na nafasi hiyo kati ya 10 na 20, memori inayochezacheza kati ya 9 na 11 ingetuma ujumbe wa hatari na wa heri kwa zamu usiku kucha.

Diski aliitendea kwa namna ya kwake. Haulizi imejaa asilimia ngapi. Anauliza, kwa kasi ya wiki chache zilizopita, zimebaki siku ngapi. Kizingiti ni siku 45, na sababu haina uhusiano na kompyuta hata kidogo: ununuzi wa umma una hatua zake, za kuomba, za kuidhinisha, za kuleta ankara, na hata baada ya hapo diski yenyewe itasafiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Taarifa ya siku tatu kabla ingekuwa taarifa ya msiba.

Halafu kuna kazi za usiku. Saa nane seva hutengeneza bakapu ya kumbukumbu zote za wagonjwa. Kazi ikishindwa na kusema imeshindwa, ni rahisi kuijua. Za hatari ni aina mbili nyingine: ile ambayo haikuanza kabisa, hivyo haina cha kusema, na ile iliyosema "nimemaliza salama" huku ikiacha faili tupu. Dhidi ya ya kwanza, haangalii kosa. Anaangalia kukosekana kwa habari njema. Ikifika saa kumi na moja alfajiri bila neno la kumaliza, simu inalia. Dhidi ya ya pili, analinganisha ukubwa wa faili na la jana. Kumbukumbu za hospitali huongezeka, hazipungui. Faili likiwa dogo kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko la jana, kuna jambo. Na kila mwezi anairudisha bakapu kwenye kompyuta ya pembeni, aone kama inafunguka, kwa sababu kipimo cha ukubwa hakiwezi kumwambia kama yaliyomo yanasomeka.

Umeme ni sura nyingine. Mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa rasmi na Gridi ya Taifa, Oktoba 2022. Hali imebadilika sana, lakini masika ya nyanda hizi yana radi, na nguzo ni nguzo. UPS, betri ya akiba ya seva, imeunganishwa nayo kwa waya, inasema betri yake imebaki kiasi gani. Ikifika asilimia 50, kazi nzito zisizo na haraka, ripoti na bakapu, zinasitishwa, lakini dirisha la malipo na duka la dawa vinaendelea. Ikifika 25, hifadhidata inafungwa kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, seva ikazimwa. Umeme ukirudi, seva haiwaki hapohapo. Inangoja betri ipande tena, kwa sababu umeme unaorudi baada ya radi mara nyingi hukatika mara ya pili, na mara ya pili bila betri ndiyo inayoharibu diski.

Ujumbe wa hatari haupiti kwenye intaneti ya hospitali. Unapita kwenye modemu ndogo yenye laini yake ya simu, kama ujumbe mfupi wa kawaida, maana mtandao ukikatika ndiyo siku unayohitaji kuambiwa kwamba umekatika. Na kila siku saa moja asubuhi modemu hiyo inatuma neno moja: "Mzima." Asipolipata, anajua kwamba mlinzi mwenyewe ameanguka.

Kuna waliosema kwamba huu ni uangalifu uliopitiliza kwa seva moja ya wilayani. Sikubaliani nao, na historia yetu iko upande wangu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikwenda vibaya, watu wakarudi kwenye vitabu vya mkono, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yalidumu miaka mingi. Imani ya watu kwa mashine ikishavunjika, hairudi kwa semina. Hapo dirishani vitabu vya stakabadhi za mkono bado vipo rafuni, na karani anajua kuvijaza. Kila asubuhi ambayo namba zinatoka ndani ya dakika chache, anaviacha palepale.

Vizingiti vyote ameviandika kwenye daftari gumu, kwa sababu watumishi wa umma huhamishwa na siku moja barua yake itafika. Kila kizingiti kina safu nne: thamani, tarehe, sababu, na nani aliulizwa. Penye dakika kumi, safu ya nne inasema "karani, dirisha la 1". Penye siku 45 inasema "ofisi ya ununuzi". Mstari wa mwisho ni wa mashine mpya ya eksirei ya kidijitali, ambayo picha zake ni nzito na zinakuja kwa mafungu. Safu ya thamani pale bado ni tupu. Ameiacha ipime kwanza, na amemwomba mtaalamu wa mionzi amwambie daktari wa zamu ya usiku anaihitaji picha ndani ya muda gani.