Picha Haisafishwi

Tangu utotoni tumesikia hivi: mpiga picha hupiga, kisha filamu hupelekwa "kusafishwa". Maana yake ni kwamba picha imekwisha kupatikana siku ile ile ya kupigwa, na kilichobaki ni kuondoa uchafu tu. Sisi tunaoandika nasi tumeliazima neno hilo. Utamsikia mwenzetu kijiweni: "Hadithi nimeshaimaliza, bado kuisafisha." Ndugu msomaji, leo nina ugomvi na neno hili. Limetufanya tuwe wahakiki wavivu, na waandishi wavivu zaidi.

Hebu tuingie chumba cha giza tuone kama kuna kinachosafishwa. Changu kiko hapa Choma: stoo ya nyumbani iliyozibwa kwa mablanketi, mabeseni matatu, taa moja nyekundu. Karatasi ya picha imepakwa chumvi za fedha. Mwanga unapopita kwenye negativu na kuiangukia, hauachi alama ya kuonekana kwa macho. Ukiitazama bado ni nyeupe pe! Ni dawa ya beseni la kwanza, developa, ndiyo inayozigeuza chumvi zilizoguswa na mwanga kuwa fedha yenyewe, nayo fedha hiyo huonekana nyeusi. Weusi wa nywele, wa mboni ya jicho, wa kivuli chini ya mwembe, wote huzaliwa mle. Sasa hapo pamesafishwa nini?

Wengi walioijua kazi hii walizoea dawa ya pakiti. Mimi huichanganya mwenyewe, kwa kanuni ya zamani ya Kodak iitwayo D-72. Kwa lita moja ya maji unahitaji metoli gramu 3, sodiamu salfaiti gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, sodiamu kaboneti kavu gramu 67.5 na potasiamu bromaidi kama gramu 2. Maji ya kuanzia yawe robo tatu ya lita, ya moto wa nyuzi 50 hivi. Tangulia na chembe ya salfaiti, kisha metoli, halafu salfaiti iliyobaki na vingine kwa mpangilio huo huo, kila kimoja kiyeyuke kwanza. Malizia kwa maji baridi hadi lita itimie. Ukitaka kutumia, chukua sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji. Vaa glavu, maana metoli huwawasha vibaya watu wengine, na usithubutu kutumia chombo cha jikoni.

Kwa nini namweleza mshairi habari za gramu? Kwa sababu kila gramu ni uamuzi. Metoli huleta upesi rangi za kijivujivu, uso unaanza kuonekana. Haidrokwinoni peke yake ni mzito kuanza, lakini ndiyo inayotia weusi wa kweli. Na zikiwa pamoja hufanya kazi kuliko jumla ya nguvu zao. Salfaiti huilinda dawa isiharibiwe na hewa. Kaboneti ndiyo inayoiamsha. Bromaidi ni breki: huzuia karatasi isipate ukungu pale ambapo mwanga haukugusa, na ukiizidisha, rangi ya picha huelekea kahawia. Mwenye kuchanganya anachagua kama mwandishi anavyochagua neno. Mhakiki anayeuliza tu "kamera iliona nini?" amesoma nusu ya kazi.

Njia hii yetu ya misafara inao ushahidi. Mwaka 1860 Speke na Grant waliondoka Zanzibar kuja Kaze, yaani Tabora. Grant alikuwa na kamera. Zama hizo kioo cha picha kilipakwa dawa kikapigwa na kumalizwa papo hapo kikiwa bado kibichi, ndani ya kihema cha giza. Speke anaeleza katika kitabu chake cha 1863 kwamba aliirudisha kamera ile, akihofia kuwa joto la kihema lingemuua mwenzake. Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Angalieni basi: kamera ilikuwapo, jua lilikuwapo tele, watu wa kupigwa walikuwapo. Kilichoshindikana ni chumba cha giza. Joto hilo nalijua. Ndiyo maana nafanya kazi usiku, na chupa ya dawa nimeizamisha kwenye maji ya mtungi.

Au tumtazame Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993. Huyu aliwaunganisha watu na vitu katika karatasi moja, vitu ambavyo havikupata kukaa pamoja mbele ya kamera yoyote. Atakayesema picha za Bakor "zilisafishwa" ajitokeze. Zilitungwa, bwana! Na zilitungwa baada ya kupigwa.

Lakini nisije nikaonekana nasifu kila kilichopikwa nyumbani. Ipo developa nyingine, ya kahawa. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na kaboneti hutoa picha. Kinachofanya kazi si kafeini, ni asidi ya kafeiki. Baadaye watu wakaongeza vitamini C kuipa nguvu. Nikasema, dili hii ni yetu! Kahawa tunayo, Africafé inatoka Bukoba. Na magadi tunayotilia mlenda yana kaboneti ndani yake, ukiyakausha motoni yanazidi makali. Nikachanganya, nikaichapa picha ya bibi yangu, ameketi kibarazani na khanga mpya, redio iko miguuni pake.

Picha ikatoka polepole, ya kahawia yote, hata pale palipotakiwa kuwa peupe. Washkaji wakaishangilia: "Bomba! Kama ya enzi za misafara!" Nami nikavimba kichwa. Nikampelekea mwenyewe. Bibi akaishika, akaisogeza kwenye mwanga, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu ni mimi au ni mama yangu?"

Sikuwa na jibu. Kahawa ilikuwa imempa uzee ambao haukuwa wake, na mimi nimeupokea bure, bila kuutafuta, nikauita sanaa. Khanga mpya ilikuwa imechakaa kwenye karatasi. Redio ilikuwa kama kitu cha makumbusho. Usiku ule nikairudia kwa D-72, negativu ile ile. Nikakata vipande vya karatasi, nikavijaribu kwa sekunde tofauti, vinne vikaenda jalalani. Cha tano kikanionyesha njia. Kesho yake bibi akatazama, akacheka: "Ehee. Sasa nimekuja mwenyewe." Kisha akaniuliza habari za sufuria yake niliyokaushia magadi.

Hapo ndipo ninapotaka kufika na nyinyi, waandishi chipukizi wenzangu. Mashairi mengi tunayosomeana ni ya kahawa. Kijana amezaliwa bara, hajapata kuiona bahari, lakini shairi lake lina nahodha, mtima, huba na tanga lililopasuka. Maneno hayo yana wenyewe, na kwa wenyewe yanaishi. Kwetu mara nyingi ni madoa: yanatia shairi uzee wa bure, wasikilizaji wanapiga makofi, na yule msichana wa stendi aliyeandikiwa shairi hajijui. Anajiuliza kama ni yeye au ni mama yake. Hiyo ni kuuza sura, tena sura ya kuazima.

Sisemi tusubiri pakiti kutoka dukani. Mwenye kusubiri pakiti huandika pale tu pakiti inapopatikana, na ladha yake ni ya aliyeifunga. Tuchanganye wenyewe. Ila mchanganyaji ajue kila kitu kimeingia kufanya kazi gani, na akiona rangi nzuri ajiulize imetoka kwa mtu aliye kwenye picha au imetoka kwenye beseni.

Kwa hiyo nina ombi kwa kijiwe chetu. Mtu akileta shairi, alete pamoja na vipande vyake vinne vya jalalani, vile alivyovikataa. Tuvisome kwanza hivyo. Na atakayesema kwamba shairi lake lilikuja lenyewe, akalisafisha tu kidogo, tumkaribishe chai, lakini tusimpe zamu ya kusoma.