Folati kama chambo: jinsi saratani ya ovari ilivyofanywa ing'are wakati wa upasuaji

Mgonjwa wa saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa tumboni hufanyiwa upasuaji kwa lengo la kuondoa kila uvimbe unaoonekana, kwa kuwa kadiri mabaki yanavyopungua ndivyo matarajio yake ya kuishi yanavyoongezeka. Hata hivyo, kwa miaka mingi daktari aliyatafuta mabaki hayo kwa macho na kwa kupapasa tu. Vinundu vya milimita chache vilivyotapakaa juu ya utando wa tumbo hufanana mno na tishu nzima, hasa panapokuwa na kovu au damu. Mwaka 2011 Gooitzen van Dam wa Groningen, Uholanzi, akishirikiana na watafiti wa Ujerumani na Marekani, alichapisha katika jarida la Nature Medicine jaribio la kwanza kwa binadamu la kuvifanya vinundu hivyo ving'are.

Mbinu hiyo inategemea fluoresensi, yaani tabia ya baadhi ya molekuli kufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi na kuutoa tena ukiwa na wimbi refu zaidi. Rangi iliyochaguliwa hufyonza mwanga wa buluu wa takriban nanomita 495 na kutoa wa kijani wa takriban 520. Peke yake rangi hiyo haiwezi kutofautisha seli mbaya na nzima, na ndiyo sababu iliunganishwa na folati, vitamini ambayo seli huihitaji ili kuunda vinasaba vyake. Saratani nyingi za ovari huwa na vipokezi vya folati kwa wingi usio wa kawaida juu ya seli zake, hivyo chambo hicho kilichopitishwa kwenye mshipa kilinaswa pale kilipokusudiwa. Madaktari walipoonyeshwa picha za eneo moja la tumbo, walitambua kwa wastani wa kati madoa 34 kwa msaada wa fluoresensi, dhidi ya 7 kwa mwanga wa kawaida. Mgonjwa mmoja ambaye saratani yake haikuwa na vipokezi hivyo hakuonyesha mng'ao wowote, jambo linaloashiria kwamba mng'ao hufuata kipokezi, si saratani yenyewe.

Udhaifu wa jaribio hilo ulikuwa katika mwanga zaidi kuliko katika chambo. Himoglobini ya damu humeza mwanga wa kijani, na kolajeni ya tishu nzima nayo hung'ara katika eneo hilohilo la wimbi, kiasi kwamba kinundu kilichofunikwa na tabaka jembamba tu hupotea. Dawa iliyofuata, pafolasianini, ilibaki na shabaha ileile lakini ikabadilishiwa rangi: hufyonza mwanga wa takriban nanomita 776 na kuutoa kwenye 796, katika eneo la infraredi ya karibu, ambako damu hufyonza kidogo na mng'ao wa asili wa tishu ni hafifu. Gharama ya badiliko hilo ni kwamba jicho la binadamu haliuoni mwanga huo, kwa hiyo daktari hutegemea kamera maalumu na kioo chake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo mnamo Novemba 2021. Hutolewa kwa dripu saa 1 hadi 9 kabla ya upasuaji, na mgonjwa hutakiwa kuacha vidonge vya asidi ya foliki kwa saa 48, kwani navyo vingegombea vipokezi vilevile.

Katika jaribio lililotegemewa kuidhinisha dawa hiyo, asilimia 26.9 ya wanawake 134 waligunduliwa kuwa na angalau kidonda kimoja cha saratani ambacho macho na mikono havikukibaini. Takwimu isiyotajwa sana ni ile ya mng'ao wa uongo, ambayo kwa hesabu ya wagonjwa ilifikia asilimia 20.2, kwani tezi za limfu, kwa mfano, huwa na makrofeji zenye kipokezi cha jamii hiyo.

Kwa tishu ambayo bado haijawa saratani, chambo hubadilika, kwa sababu alama inayotafutwa sharti ijitokeze mapema. Watafiti walioripoti mwaka 2015 walitumia peptidi inayoshika protini ya c-Met, ambayo huongezeka katika polipu za utumbo mpana, vile vinyama ambavyo baadhi yake hugeuka saratani. Kwa wagonjwa 15 walio katika hatari kubwa, polipu zote 38 zilizokuwa zikionekana kwa mwanga mweupe ziling'ara, na nyingine 9 zikaonekana kwa fluoresensi pekee.