Sifuri ku mlango, volti 20 ndani ya nyumba

Wandugu, sisi tuliosoma umeme tunakumbuka ile siku: mwalimu anafuta ubao, anaandika dx/dt = Ax + Bu, chini yake y = Cx + Du, na auditoire yote inanyamaza. Tulikopia, tukapita ekzameni, tukasahau. Leo nataka kuchambua ile njia ya hali, juu naona tuliipa kosa ambalo si lake. Tulifundishwa matrisi bila volti, kama vile A ilishuka toka mbinguni.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Ku TFC nilijenga filtri ya kuondoa mngurumo wa 50 Hz, ule tunasikia ndani ya bafle kila mara umeme unarudi. Nilifuata muundo wa Kerwin, Huelsman na Newcomb wa mwaka 1967: ampli-op moja inajumlisha, mbili zinafanya entegrali, kila moja na kondansateri yake. Niliongeza ya nne kwa kutoa jibu. Nilichagua Q = 20 ili filtri ikate sehemu nyembamba tu, upana wa 2,5 Hz. Fonksio ya transferi ilikuwa safi kabisa: ku 50 Hz jibu ni sifuri.

Nikafunga bateri mbili za pikipiki, volti 12 upande wa juu na volti 12 upande wa chini, ili ulishaji wenyewe usilete mngurumo. Nikaingiza volti 1 ya 50 Hz. Kumbe mngurumo ulipungua tu, haukukufa, tena ukatoka na sauti ya kukwaruza. Nilibadilisha ampli-op mara mbili nikifikiri zimeungua. Hazikuwa zimeungua.

Sasa tuandike hali. x1 ni tensio ku mguu wa kutoa wa entegrateri ya kwanza, x2 ya pili. Tukiacha pembeni alama za kugeuza, inakuwa hivi:

dx1/dt = −15,7 x1 − 314 x2 + 314 u
dx2/dt = 314 x1
y = u − x1/20

314 ni 2π × 50, na 15,7 ni 314 gawanya kwa 20. Soma mstari wa mwisho polepole. Ili y iwe sifuri wakati u iko na volti 1, x1 inapaswa kufika volti 20. Bateri iko na 12! Ampli-op inagonga dari, wimbi linakatwa kichwa, na kile kilipaswa kufuta mngurumo hakitoshi tena. Fonksio ya transferi haikusema uongo. Ilinionyesha mlango tu, na mlango ulikuwa mtulivu. Moto ulikuwa ndani ya nyumba.

Na dawa inatoka mule mule. Chukua z = x/4 kwa hali zote mbili. Matrisi A inabaki vilevile; 314 ya mbele ya u inakuwa 78,5; jibu linakuwa y = u − z1/5. Ku meza, ni kubadilisha rezistansi chache tu. Mtu wa inje hataona tofauti, fonksio ya transferi ni ileile, lakini ndani hakuna kinachopita volti 5. Filtri moja, miili miwili: mmoja unakufa, mwengine unaishi. Hiyo njo nguvu ya njia hii, na njo kitu hatukuambiwa siku ile ya ubao.

Lakini tusiiabudu. Zile ekwasio hazijui bateri yako. Zinaandika 20 bila aibu, ni wewe unapaswa kukumbuka 12. Zinachukua ampli-op kuwa kamili. Ku 50 Hz haina shida, ila ukipanda frekansi sana, ampli-op yenyewe inaleta hali zake, na matrisi yako ya mbili kwa mbili haitoshi tena. Na kwa filtri ndogo ya ampli-op moja, kama ile ya Sallen na Key ya mwaka 1955, mara nyingi fonksio ya transferi inatosha. Kubeba matrisi pale ni kupanda lori kwenda kununua chumvi.

Kwa wale wanaandaa TFC mwaka huu, naomba jambo moja. Kila x unayoandika ndani ya matrisi, andika pembeni yake ni mguu gani wa ampli-op, na utarajie volti ngapi pale. Kisha weka oskiloskopu ku ule mguu, si ku mlango wa kutokea peke yake. Mimi niliweka ku mlango tu, na nikatupa ampli-op mbili nzima.