Gamba la Nyoka na mahame ya Chiwanda

Nimeirudia Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1979, nikiwa nyumbani Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa. Nilipoisoma nikiwa mwanafunzi niliwacheka wale wanakijiji wanaogoma kuhamia kijiji cha Ujamaa. Safari hii sikucheka.

Nyuma ya kijiji chetu kuna miembe isiyo na nyumba. Sisi vijana tunapaita mahameni. Bibi anapaita kwetu. Alihamishwa 1974. Nikamuuliza, "Bibi, wakati ule uliiamini Ujamaa?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, kwani nani aliniuliza?"

Jibu hilo limenibadilishia kitabu. Tumezoea kukisoma kama hadithi ya siasa iliyoshindwa. Mimi sasa naona kinauliza jambo zito zaidi: makazi ya mtu yanatuambia nini kuhusu imani yake? Yanasema mengi, ila tu kama amechagua mwenyewe.

Na wapo waliochagua, tena mkoani kwetu Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima walikwenda kuanzisha Litowa, kule Songea, kwa sababu waliamini kuishi na kulima pamoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1967 kwamba watu waingie kwa hiari. Lakini umoja wa vijiji vya akina Litowa ulivunjwa 1969, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Tangu hapo usingeweza kumjua muumini kwa kuangalia nyumba yake. Wote walikuwa wamepangwa mstari mmoja.

Hapa ndipo ninapogombana na Kezilahabi. Imani ya Ujamaa anawapa zaidi vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo. Wanakijiji anawaachia ukaidi na hofu. Mkulima wa Litowa, aliyehama kwa miguu yake na kwa akili yake, simwoni. Akikosekana huyo, msomaji huishia kuicheka imani, wakati kosa lilikuwa kwenye amri.

Hata hivyo, jina la riwaya linamwokoa mwandishi. Nyoka akivua gamba hubaki nyoka yule yule. Unaweza kumhamisha mtu na mabati yake, lakini kwao hakuhamishiki kwa lori.

Bibi bado anakwenda mahameni kila msimu wa maembe. Hapiti kwa jirani kununua. Anasema ya kule ni matamu zaidi, na mimi nimeacha kubishana naye.