Usuli wa Mtendaji Mkuu na Mageuzi ya Kidijitali: Uhakiki wa Hoja kwa Mtazamo wa Mbarara na Nakivale

Tangu Hambrick na Mason walipochapisha makala yao mwaka 1984, watafiti wengi wameshikilia kwamba kampuni hufanana na wakuu wake: elimu na kazi walizopitia huchuja wanayoyaona na kuelekeza wanayoyaamua. Kutokana na msingi huo imezuka hoja kwamba kampuni inayoongozwa na mtaalamu wa teknolojia huingia katika mageuzi ya kidijitali upesi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli, ila ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya kipimo. Michael Joseph, mhandisi wa umeme, ndiye aliyeiongoza Safaricom M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Lakini M-Shwari ilianzishwa mwaka 2012 chini ya Bob Collymore, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Nchini Uganda, Sylvia Mulinge, aliyekabidhiwa uongozi wa MTN mwaka 2022, alisomea sayansi ya chakula. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa wamefanya kazi miaka mingi katika kampuni za simu. Utafiti unaohesabu shahada pekee ungewaweka nje ya kundi la wanateknolojia, na hapo ungepima cheti badala ya ujuzi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi: hoja hii humtazama mkuu na kumsahau msimamizi wa sekta. M-Pesa isingeanza bila Benki Kuu ya Kenya kutoipinga. Nako Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, fedha za simu haziwezi kutumika bila laini iliyosajiliwa. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu hati za familia za wakimbizi zitolewazo na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike katika usajili. Huduma ile ile anayoipata mkazi wa Nyamitanga kwa kitambulisho cha taifa, mkimbizi aliisubiria karatasi. Hakuna shahada ya mtendaji mkuu ambayo ingeliondoa sharti hilo.

Kwa washauri wa sera, basi, swali la nani anaiongoza kampuni lifuatiwe na jingine: nani anaruhusiwa kuwa mteja wake? Usuli wa kiongozi unaweza kueleza kasi ya kampuni. Mipaka ya huduma yake huchorwa pia na sheria. Utafiti usiopima yote mawili utawasifu wakuu kwa milango iliyofunguliwa na wengine, na kuwalaumu kwa ile ambayo ufunguo wake hawakuwa nao.